Je, Sehemu ya Nchi Ina Haki ya Kujitenga?

Kujitenga ni tendo la sehemu ya nchi, pamoja na watu wake, kuiacha dola iliyokuwamo na kuunda dola yake yenyewe. Mafundisho Jamii ya Kanisa hayatoi jibu la mkato, yanatoa vigezo.

Kigezo cha kwanza ni tofauti kati ya taifa na dola. Mtakatifu Yohane Paulo II, akiuhutubia Umoja wa Mataifa tarehe 5 Oktoba 1995, alifundisha kwamba kila taifa lina haki ya kuwepo na ya kutunza lugha na utamaduni wake, ila haki hiyo hailazimu kila taifa liwe na dola yake. Shirikisho au mamlaka ya ndani yaweza kutosha.

Kigezo cha pili ni manufaa ya wote. Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alilaani ukandamizaji wa jamii za wachache, akazionya pia zisikuze mno yale yanayozitofautisha na wengine.

Biafra ilidhihirisha ugumu wa kuvitumia vigezo hivi. Mwaka 1964, mjini Kairo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Lakini baada ya Waigbo kuuawa kwa wingi kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966, Biafra ilijitangaza huru tarehe 30 Mei 1967. Tanzania ya Mwalimu Julius Nyerere iliitambua Aprili 1968, kwa hoja kwamba dola ipo kwa ajili ya kuwalinda watu wake. Biafra ilishindwa Januari 1970, njaa ikiwa imekwisha kuua umati, hasa watoto.

Sudan Kusini, baada ya vita virefu, ilipata mkataba wa amani mwaka 2005. Katika kura ya maoni ya Januari 2011, takriban asilimia 99 walichagua kujitenga. Uhuru ukaja tarehe 9 Julai. Njia ilikuwa halali. Hata hivyo, Desemba 2013 ndugu waligeuziana silaha, kwa maana bendera mpya haiung'oi ukabila moyoni.

Kwa mwanga huo, kujitenga kwaweza kutetewa pale tu haki msingi zinapokanyagwa kwa uzito na kwa muda mrefu, mazungumzo na mageuzi yameshindikana, wananchi wameulizwa kwa uhuru, na wachache watakaobaki ndani ya dola mpya wamehakikishiwa usalama. Anayedai kuondoka aonyeshe kwanza atakavyomtendea jirani asiye wa kabila lake. Na anayedai umoja aonyeshe haki anayoitenda leo.