Deni la usingizi: manowari zilizogongwa gizani

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya Juni 17, 2017, mabaharia 35 walikuwa wamelala kwenye bweni moja chini ya usawa wa maji, ndani ya manowari ya Marekani USS Fitzgerald. Meli ilikuwa imetoka bandari ya Yokosuka, Japani, siku iliyotangulia. Ilipofika saa 7:30 usiku ilitikisika. Wapo ambao mshindo haukuwaamsha, wakaamshwa na wenzao waliokuwa wakiwavuta vitandani na kupiga kelele kwamba maji yanaingia. Bweni lile lilijaa kwa muda wa dakika moja hivi. Magodoro, makabati na viatu vikaanza kuelea, taa zikazima, na watu wakapanga foleni gizani kuelekea ngazi huku maji yakiwafika kiunoni, kisha shingoni.

Mabaharia wawili walikaa kwenye ngazi hiyo hadi mwisho. Wenzao walipokwisha kupanda, hao wawili walibaki wakipapasa kwa mikono ndani ya maji meusi, kama kuna mtu wa kushika. Walimpata mmoja, wakampata na wa pili. Mmoja kati yao alikuwa amezama kabisa walipomvuta. Waliotoka bwenini wakiwa hai walikuwa 28. Saba hawakutoka.

Iliyowagonga ni ACX Crystal, meli ya makontena yenye bendera ya Ufilipino na urefu wa zaidi ya mita 220. Meli kama hizo zina nundu kubwa ya chuma kwenye omo, chini ya maji, na nundu hiyo ndiyo iliyotoboa ubavu wa kulia wa manowari na kuacha tundu la takriban mita nne kwa tano. Sehemu ya juu ya omo ilibomoa chumba cha nahodha. Naye alikuwa amelala humo, ikabidi mabaharia wavunje mlango ili wamtoe.

Mtu wa nchi kavu atajiuliza: meli ya kivita yenye rada za kunasa makombora inagongwaje na meli ya mizigo, katika usiku ambao taa za meli zinaonekana? Jibu linaanza na jambo ambalo kila baharia hufundishwa mapema. Ukiona taa ya chombo kingine usiku, iangalie ukiilinganisha na kitu kilichotulia ndani ya chombo chako. Ikisogea nyuma au mbele, mtapishana. Ikibaki palepale huku inazidi kuwa kubwa, mnagongana. Sheria za kimataifa za kuepuka migongano, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, zinasema pia kwamba njia zikikatana, anayemwona mwenzake upande wa kulia ndiye anayepaswa kumpisha. Crystal ilikuwa kulia kwa Fitzgerald. Uchunguzi wa Jeshi la Wanamaji ulibaini kwamba usiku ule mlinzi wa kuangalia kwa macho alikuwepo upande wa kushoto tu. Upande wa kulia, zilikokuwa meli tatu, hapakuwa na mtu.

Honi haikupigwa. Crystal haikuitwa kwa redio. Nahodha hakuamshwa, ingawa amri zake zilitaka aitwe meli nyingine inapokaribia mno. Dakika za mwisho afisa wa zamu aliamuru kugeuka kulia, akatengua amri yake, kisha akaamuru kasi kamili na kukata kushoto kwa nguvu. Nikisoma mfuatano huo naona akili iliyochelewa kufika, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla akaanza kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Baharini zamu ni ya kale kuliko injini. Kwenye meli za matanga za Ulaya muda ulipimwa kwa chupa ya mchanga. Kila nusu saa chupa iligeuzwa na kengele ikagongwa, na kengele ya nane ilikuwa ndiyo kumaliza zamu ya saa nne. Ili kundi moja lisibebe usiku wa manane kila siku, zamu ya kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku iligawanywa vipande viwili vya saa mbili mbili, na mzunguko ukasogea. Mpango huo uligawa taabu kwa haki. Lakini mwili wa binadamu hufuata jua na haujui haki. Ukiulaza leo mchana, kesho alfajiri na keshokutwa jioni, haupumziki hata ukipewa saa za kutosha.

Hata hivyo utaratibu wa aina hiyo uliendelea hadi karne hii. Manowari nyingi za Marekani zilitumia zamu ya saa tano kazini na kumi nje. Fanya hesabu: mzunguko wa saa 15 hauingii sawasawa katika siku ya saa 24, kwa hiyo muda wa baharia kulala ulihamahama kila siku. Na zile saa kumi hazikuwa za kitanda. Ndani yake kulikuwa na matengenezo, mazoezi, usafi, karatasi za ofisini na chakula. Uchunguzi wa jeshi lenyewe wa mwaka 2014 ulikuta mabaharia wako kazini saa 108 kwa wiki, wakati kiwango kilichowekwa kilikuwa saa 80. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi ya watu kwa kila meli ilikuwa imepunguzwa ili kubana matumizi, na kozi ya darasani ya maafisa wapya ikafutwa mwaka 2003 wakapewa santuri za kompyuta wajisomee melini. Aliyechoka ndiye aliyepaswa kumfundisha asiyejua.

Wala bahari haikukosa kuonya. Juni 3, 1969, kwenye Bahari ya China Kusini, manowari USS Frank E. Evans ilikuwa kwenye mazoezi pamoja na HMAS Melbourne, meli ya Australia ya kubeba ndege. Saa 9:15 usiku nahodha wa Evans alikuwa amelala, baada ya kuagiza aamshwe iwapo meli itatakiwa kubadili nafasi. Ilitakiwa, naye hakuamshwa. Maafisa vijana waliokuwa zamu waligeuza meli na kuipitisha mbele ya omo ya Melbourne. Evans ilikatwa vipande viwili, na kipande cha mbele kikazama na watu 74. Weka usiku huo kando ya usiku wa Fitzgerald, miaka 48 baadaye: nahodha usingizini, agizo la kumwamsha lipo, na vijana walioshika zamu hawalitekelezi.

Wiki tisa baada ya Fitzgerald ikaja USS John S. McCain. Agosti 21, 2017, alfajiri, ilikuwa inaingia Mlango-Bahari wa Singapore, njia ambayo meli hufuatana kama malori kwenye barabara kuu. Nahodha alikuwa ameahirisha hadi saa 12 asubuhi kupanga kikosi kamili cha njia nyembamba, ili watu wake walale zaidi kidogo. Hapa ndipo ninapoumia kila nikiisoma habari hii, kwa sababu mtu yule alikuwa anajaribu kulipa deni la usingizi, na alilipa mahali ambapo kila jicho lilihitajika.

Akaona mshika usukani anahangaika kudhibiti mwelekeo na kasi kwa pamoja, akaamuru kasi ipewe mtu mwingine aliyekaa jirani. Mitambo ilikuwa ya skrini za kugusa. Katika kuhamisha, usukani nao ukahamia kwa jirani bila mtu kutambua. Mshika usukani akatangaza kwamba meli haimsikii. Kasi ilipopunguzwa, ilipungua injini ya upande mmoja tu, na manowari ikakata kushoto hadi mbele ya Alnic MC, meli ya mafuta yenye bendera ya Liberia. Saa 11:24 zikagongana. Walikufa 10, na wao pia mabwenini.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilihesabu usingizi wa watu 14 waliokuwa kwenye chumba cha usukani wakati huo. Katika saa 24 zilizotangulia, kila mmoja alikuwa amelala wastani wa saa 4.9. Watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Baharia anayekuja zamu amelewa huadhibiwa. Anayekuja amekesha, kwa miaka mingi alisifiwa kwa ushupavu.

Jeshi halikukosa mtaalamu pia. Nita Lewis Shattuck, wa chuo cha uzamili cha Jeshi la Wanamaji kule Monterey, alikuwa amewafunga mabaharia saa za kupima usingizi kwa miaka. Kwenye meli ya kubeba ndege USS Nimitz alilinganisha zamu ya tano kwa kumi na ile ya tatu kwa tisa, ambayo humrudisha mtu kazini na kitandani saa zilezile kila siku. Wa tatu kwa tisa walifanya vizuri zaidi. Meli chache zilifuata kwa hiari ya manahodha wao. Ilikuwa Septemba 2017, baada ya maziko, ndipo kamanda wa meli za juu ya maji, Thomas Rowden, alipoagiza meli zote zipange zamu kwa kufuata mwendo wa mwili. Miaka miwili baadaye jeshi likatangaza kwamba skrini za kudhibiti kasi zitaondolewa na kurudishwa mikono ya chuma, ile ambayo baharia huisukuma na kuisikia kiganjani.

Karatasi ya zamu ni rahisi kuandika upya. Watu wa kuijaza ndio kazi. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walipozirudia meli za jeshi hilo mwaka 2021, walikuta pengo la mabaharia limekua kutoka asilimia 8 ya waliohitajika mwaka 2016 hadi asilimia 15 mwaka 2020. Na kati ya maafisa wa meli waliohojiwa, theluthi mbili walisema kwa siku wanalala saa tano au chini ya hapo.