Frasila Mbili: Kipimo cha Wapagazi wa Ugogo

Katika nyumba zetu za pwani hakuna asiyepata kusikia habari za misafara ya bara: Bagamoyo, Saadani, pembe, ushanga na amerikani. Babu zetu walizisimulia kwa fahari, na mara nyingine kwa fahari isiyostahili, maana miongoni mwa waliobeba walikuwamo watumwa ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda au hawataki. Hilo lisifichwe. Lakini leo sizungumzi habari za matajiri. Nazungumza habari za miguu na mabega, na jinsi wapagazi walivyoijua kadiri ya nguvu zao, kwani hiyo ni elimu ambayo vijana wetu wameipoteza, na kuipoteza huko kunawaumiza.

Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara hadi Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ambako leo ni mkoa wa Dodoma, kisha ikaendelea hadi Unyanyembe, yaani Tabora. Ugogo ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake huanza Desemba na kwisha Aprili, na miezi mingine ni jua, upepo na vumbi. Maji yalikuwa machache, na watemi wenye nchi walitoza hongo kila msafara uliopita. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, aliipita njia hiyo tangu ujana wake, na hongo hiyo haikumwacha naye.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na desturi yake: frasila mbili, yaani ratili 70, kiasi cha kilo 32. Wanyamwezi waliokwenda kwa ujira hawakupokea mzigo kwa kuutazama tu. Mtu aliuinua, akaupima kwa bega lake mwenyewe, na ukizidi aliukataa mbele ya tajiri na mbele ya wenziwe, wala hakuona haya. Alijua kwamba mzigo anaoukubali leo ndio atakaoamka nao kesho na kesho kutwa, kwa muda wa miezi. Kuupunguza njiani si jambo jepesi. Kuukataa penye mizani ndiyo busara.

Na siku ya kwanza hawakwenda mbali. Ilikuwa ada msafara utoke mjini, upige kambi karibu, ili aliyesahau kitu arudi akakichukue, na mabega yaanze kuzoea. Hata Stanley, ambaye alikuwa mtu wa haraka na mwenye kuwachapa watu wake, alipotoka Bagamoyo Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, kiasi cha maili tatu na robo tu. Mtu mwenye safari ya mamia ya maili mbele yake, na siku ya kwanza anakwenda maili tatu na robo! Kijana wa leo angecheka.

Baada ya hapo mwendo ulikuwa wa alfajiri. Kirangozi alitangulia na bendera, na jua lilipopanda watu walikuwa wamekwisha kutua, wakapika, wakapumzika, na jioni wengine wakacheza ngoma. Wageni walioandika habari za safari hizo walistaajabu kuona watu waliobeba mizigo mizito asubuhi wakirukaruka usiku. Mimi sioni ajabu. Nguvu haikumalizwa yote, ilibakizwa.

Ama kulikuwa na mahali ambapo kipimo cha kila siku hakikufaa. Kati ya Chunyu, karibu na Mpwapwa, na vijiji vya kwanza vya Ugogo, palikuwa na nyika isiyo na maji, iliyoitwa Marenga Mkali, upana wake unapita maili thelathini. Hapo walifanya telekeza. Walikula na kujaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakaenda hadi giza, wakalala porini bila kupata maji mapya, kisha wakaondoka kabla ya kucha ili wayafikie maji kabla jua halijawa kali. Angalia hekima yake: jambo kubwa walilikata vipande viwili, wakalipangia saa, na walilifanya pale palipolazimu tu. Hakuna msafara uliotelekeza kila siku. Ungelifanya hivyo, mifupa yake ingelibaki njiani, na mifupa ilikuwako ya kutosha, ya waliokufa kwa ndui, kwa njaa na kwa kuachwa.

Dini yetu inaijua sana habari hii. Abdullah bin Amr bin al-As, radhi za Allah zimshukie, alijifaradhia kufunga kila siku na kusimama kila usiku. Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa mwili wake una haki, na jicho lake, na mkewe, akampa rukhsa ya kufunga siku tatu kwa mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi, akazidi kuomba, mpaka akaishia kufunga siku moja na kula siku moja. Alipozeeka na kudhoofika, alitamani kuwa aliikubali ile rukhsa. Naye alikuwa sahaba, na lile lilikuwa jambo la ibada. Itakuwaje kwa sisi tunaojiwekea nadhiri za kukimbia?

Nayasema haya kwa sababu. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, watoto wetu wengi wa pwani wamehamishiwa huko. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu chuoni. Amekwenda peke yake, mke na watoto wamebaki kwa mama yake. Kazi nyingi, usingizi hauji, moyo unadunda usiku. Daktari akamwambia afanye mazoezi, na hilo ni neno la haki, kwani mwili ukitembea fikira hupungua na usingizi hupatikana. Yeye akajiandikia: kilomita kumi kila alfajiri, mbio, na kupunguza kilo kumi na tano kabla ya Ramadhani. Alikuwa hajakimbia tangu alipotoka shule. Siku ya nne goti likavimba. Siku ya sita akaacha.

Akanipigia simu, na kilichomtesa hakikuwa goti. Aliniambia, "Shekhe, hata hili limenishinda." Basi yale mazoezi aliyoyaanza ili apunguze mzigo yamekuwa mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili mwenyewe ndiye aliyeufunga. Wallahi niliumia. Nilikumbuka vijana wengine wawili watatu niliowaona wakianza hivyo hivyo na kuishia hivyo hivyo, mmoja wao akawa haamini tena kama anaweza jambo lolote.

Sikumpa waadhi. Nilimwuliza nyumba yake iko umbali gani na msikiti. Akasema, kwa miguu ni kama dakika kumi, lakini huenda kwa gari. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo Shamba Gonera yako." Aende na kurudi kwa miguu sala ya alfajiri, muda wa wiki mbili, asizidishe hata akijiona ana nguvu. Kisha kila wiki aongeze nguzo moja ya umeme kupita msikiti, na Ijumaa apumzike. Goti likiuma, arudi nguzo mbili nyuma, na asihesabu kuwa ameshindwa, kwani hata msafara ulikaa siku nzima kambini mtu akiugua. Asipime kilo kila asubuhi. Na kabla ya yote arudi kwa daktari, apimwe presha na sukari, maana huo ndio mzani wa frasila zake.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kuwa mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwamba kidogo kina faida kuliko kukaa tu. Nilimpigia hesabu: dakika ishirini kwa siku sita ni 120. Akashangaa kuwa yuko karibu kiasi hicho bila kukimbia hata hatua moja.

Aliniambia pia jambo lililonichekesha. Alipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, akafika kwa saa chache safari ambayo kwa wapagazi ilikuwa ya wiki nyingi. "Labda ndiyo maana," akasema, "mwili umefika, lakini mimi bado niko njiani."

Mwezi uliopita alinipigia tena. Ni Julai, baridi ya Dodoma ni kali kwa mtu wa pwani, na upepo wa asubuhi humkata masikio. Amefika nguzo ya tisa. Usingizi unakuja siku nyingi, si zote. Mkewe atamfuata shule zikifunga, naye alitaka kujua kama ni lazima waanze wote pale pale msikitini, au mama watoto aanze na nguzo yake mwenyewe. Nikamwambia amwulize mwenyewe, kwani bega ni lake.