Rangi halisi ya kiwandani: historia iliyojificha chini ya dashibodi

Kampuni ya Ford ya Marekani ilipoanza kuuza gari la Model T mwaka 1908, wateja hawakuuziwa gari jeusi. Magari ya mwanzo yalitoka kiwandani yakiwa ya kijivu, ya kijani au mekundu. Weusi ambao dunia nzima imeuhusisha na gari hilo ulikuja baadaye, ukatawala tangu mwaka 1914 hadi 1925. Kwa hiyo, fundi anayelifufua Model T la mwaka 1909 kisha akalipaka rangi nyeusi, hata kama kazi yake inang'aa kama kioo, amelivika gari hilo vazi la zama nyingine.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili linalowashughulisha wapenzi wa magari ya kale. Rangi si pambo tu. Ni kumbukumbu ya kiwanda, ya kemia na ya uchumi wa wakati wake.

Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, Ford ilianzisha mkanda wa kuunganishia magari. Muda wa kuunganisha chasi moja ulishuka kutoka saa zaidi ya 12 hadi takriban saa moja na nusu. Upakaji wa rangi ulilazimika kwenda na kasi hiyo. Rangi nyeusi iliyochanganywa na lami ilikuwa ya bei nafuu, ngumu, na sehemu nyingi za chuma ziliweza kukaushwa katika tanuri. Mara nyingi husimuliwa kwamba nyeusi ilichaguliwa kwa kuwa ilikauka upesi kuliko rangi nyingine zote. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Ford ilitumia aina nyingi za rangi nyeusi, kila moja kwa sehemu yake na kwa namna yake ya kupakwa. Hata nyeusi, basi, haikuwa moja.

Mageuzi makubwa yalitokea mwaka 1923. Kampuni ya kemikali ya DuPont, iliyokuwa na hisa nyingi katika General Motors, ilileta rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco. Gari la Oakland la toleo la mwaka 1924 lilipakwa rangi hiyo, ya buluu. Kazi ya rangi na vanishi iliyokuwa ikichukua majuma kadhaa sasa ilihesabiwa kwa saa, na rangi za kuvutia zikawafikia wanunuzi wa kawaida. Mwaka 1926 Ford nayo iliirudishia Model T rangi mbalimbali. Mwaka uliofuata General Motors ilianzisha idara ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl. Tangu hapo, rangi ikawa silaha ya biashara, na majina na namba za rangi zikaongezeka kila mwaka.

Wingi huo ndio unaompa kazi fundi wa leo. Hatua yake ya kwanza ni kutafuta kibati chenye namba ya rangi. Katika magari mengi kibati hicho hupigiliwa chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Namba hiyo hulinganishwa na vitabu vya sampuli vilivyotolewa na watengenezaji. Lakini namba hutaja jina la rangi tu. Haielezi jua la miaka 50 limeifanya nini. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu huitafuta rangi mahali ambapo mwanga haukufika: chini ya dashibodi, nyuma ya mipira ya milango, ndani ya buti. Kisha husugua polepole kwa msasa laini sehemu ndogo ya bodi, hadi matabaka yajitokeze kama duara za shina la mti: rangi ya juu, rangi ya ukarabati wa zamani, rangi ya kiwandani, na chini kabisa rangi ya msingi.

Siku hizi kipo chombo kinachopima mwanga unaoakisiwa na rangi na kupendekeza mchanganyiko. Hata hivyo, jicho halijastaafu. Rangi mbili zinaweza kufanana juani, kisha zikatofautiana chini ya taa, kwa sababu zimetengenezwa kwa unga wa rangi usio sawa. Na mara nyingi unga wa zamani haupatikani tena. Rangi nyingi za njano na nyekundu zilitegemea madini ya risasi, ambayo ni sumu. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2004 iliweka mipaka kwa viyeyusho vya rangi za magari kuanzia mwaka 2007, ingawa iliziruhusu nchi wanachama kutoa vibali vya kiasi kidogo kwa ajili ya magari yenye thamani ya kihistoria.

Mfano ulio karibu na wasikilizaji wa Afrika Mashariki ni Datsun 240Z iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Bodi yake ilikuwa nyekundu na boneti yake nyeusi. Katika magari ya mbio, weusi usiong'aa juu ya boneti humkinga dereva na mwako wa jua unaorudi machoni. Anayeipaka boneti ya namna hiyo nyeusi ya kumetameta huenda akapata rangi sahihi, lakini amefuta sababu yake.

Kwa mtazamo huo, Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, unatilia mkazo kuhifadhi kilichopo kabla ya kukifanya kipya. Rangi iliyochakaa inaweza kupakwa upya wakati wowote. Ile ya kiwandani, ikishasuguliwa yote, hairudi tena. Na pamoja nayo huondoka ushahidi ambao fundi wa kesho angeutegemea.