Mwisho Mwema ni wa Nani? Wahusika wa Pembezoni katika Filamu za Nairobi, 2010-2018

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza iwapo mhusika mnyonge amechorwa bapa au duara. Kwa filamu za Nairobi swali hilo halitoshi. Makala haya yanashikilia kwamba kuonekana kwa mnyonge kwenye kiwambo hakukuwaudhi sana wenye mamlaka. Kilichowaudhi ni hatima aliyopewa.

Tuanzie Kibera. Katika The Constant Gardener (2005) mtaa huo ni mandhari ya majonzi ya Mzungu. Soul Boy (2010), iliyoelekezwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora, iliwarudishia wakazi kauli yao. Abila, kijana Mluo, anaitafuta roho ya babake akisaidiwa na Shiku, msichana Mkikuyu. Ikumbukwe kuwa Kibera ilikuwa imetoka tu katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Urafiki wa watoto hawa, basi, haukuwa pambo. Miaka miwili baadaye Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga ilimleta Mwas kutoka mashambani hadi katikati ya jiji, akaporwa mara tu alipofika. Sheng iliyomo si kichekesho cha pembeni bali ndiyo lugha ya fikra za wahusika. Filamu hiyo ilioneshwa nchini na ikawa ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwas anafika jukwaani. Wenzake wa genge wanauawa. Ujambazi umeonekana na umelipiwa.

Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu ilivunja mkataba huo. Chimbuko lake ni hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja, wanapendana. Wanapigwa na umati, wanatenganishwa, kisha, mwishoni kabisa, tunaachiwa tumaini kwamba watakutana tena. Yamkini msomaji atadhani kilichokataliwa ni mapenzi yenyewe. Ndivyo ilivyotangazwa Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipoipiga marufuku kwa kudai kwamba inakusudia kuendeleza usagaji. Lakini kwa maelezo ya Kahiu, alitakiwa kuubadilisha mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Kipigo kingeweza kubaki. Tabasamu ndilo lililoshtakiwa. Kwa mhakiki, dai hilo ni la fani kabla ya kuwa la maadili: bodi ilijitwalia kazi ya mtunzi, na ilikuwa na sheria ya kuitegemea, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru.

(Filamu yenyewe haikosi kasoro. Wambeya wa mtaani ni bapa mno, na rangi zake za kuvutia wakati mwingine huuficha umaskini unaowazunguka wapenzi hao.)

Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watazamaji watu wazima pekee. Katika sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, si mbali na Kibera ya Abila, viti vilijaa. Filamu ambayo mwezi Mei ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes ikatazamwa hatimaye na watu iliowahusu, kwa juma moja. Aprili 2020 Mahakama Kuu iliidumisha marufuku.

Siku hizo saba ziliiwezesha pia kushindania nafasi ya kuiwakilisha Kenya katika Oscar. Kamati iliteua Supa Modo ya Likarion Wainaina. Ni filamu nzuri. Mhusika wake mkuu, Jo, ni mtoto mgonjwa anayependwa na kijiji kizima, na anakufa.