Wanawake wa Uswisi na Mlinzi wa Bei

Ni nani apaswaye kuilinda bei: serikali, wafanyabiashara wenyewe, au yule anayenunua? Tarehe 28 Novemba 1982, raia wa Uswisi walilijibu swali hilo kwa kura.

Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja usimamizi wa bei. Katika miaka ya 1970, wakati gharama za maisha zilipopanda kwa kasi, serikali iliweka usimamizi wa muda, uliokoma mwaka 1978. Wakuu wa nchi waliuona kama dawa ya homa: homa ikipoa, dawa huwekwa kando. Vyama vya wanawake wanunuzi havikukubali. Walijua kwamba wauzaji wachache wakipatana kisirisiri, au kampuni moja ikilitawala soko, bei hupanda hata katika miaka ya utulivu. Tukumbuke kwamba wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura ya taifa mwaka 1971 tu. Miaka minane baadaye, vyama hivyo viliwasilisha sahihi za raia kudai usimamizi wa kudumu uandikwe katika Katiba.

Bunge lilijibu kwa pendekezo mbadala, lenye kuruhusu usimamizi katika nyakati za mfumuko wa bei pekee. Hapo palikuwa na mtego. Kwa sheria ya wakati ule, mpiga kura hakuweza kusema ndiyo kwa mapendekezo yote mawili. Hivyo waliotaka mabadiliko waligawanyika, na mara nyingi hali ya zamani ndiyo iliyoshinda. Isitoshe, ushindi ulidai wingi wa raia na wingi wa kantoni pia. Tangu mwaka 1949 hakuna pendekezo la raia lililokuwa limepita. Lakini hili lilipita, likiungwa mkono na asilimia 56 hivi ya wapiga kura. Mtego wenyewe uliondolewa mwaka 1987, raia waliporuhusu ndiyo mbili.

Sheria ya utekelezaji ilitungwa Desemba 1985, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Hekima yake imo katika mipaka yake. Msimamizi wa Bei hapangi bei ya kila mkate. Huuliza kwanza: je, bei hii imezaliwa na ushindani wa kweli? Ikiwa ndivyo, huiacha. Ikiwa sivyo, hutafuta mapatano na muuzaji. Yakishindikana, aweza kuzuia bei isipande au kuamuru ishushwe. Mamlaka ya serikali inayopanga bei nayo yapaswa kusikiliza maoni yake, na isipoyafuata, ieleze sababu hadharani.

Riba za mikopo ziliachwa nje ya sheria hiyo. Wanawake wakakusanya sahihi tena, na mwaka 1991 sheria ikarekebishwa ili kuzijumuisha, hata kabla ya kura kupigwa.

Mara nyingi twadhani kwamba anayekwenda sokoni hana la kufanya ila kulipa au kurudi mikono mitupu. Wanawake hao hawakuomba huruma ya muuzaji, wala hawakudai serikali igeuke muuzaji. Walidai jambo moja: mwenye nguvu sokoni aulizwe sababu ya bei yake, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kuuliza. Je, katika masoko yetu, ni nani anayeuliza?