Mwera: Upepo Unaotawala Ufuko wa Njombe

Ikitajwa Njombe, wengi hufikiria baridi, viazi mviringo na malori yanayopumzika Makambako kabla ya kushika njia ya Songea au Mbeya. Husahau kwamba mkoa huu una ufuko. Wilaya ya Ludewa inateremka hadi Ziwa Nyasa, kwenye bandari za Lupingu na Manda, na ndiko wanakovua usipa, wale dagaa wembamba wanaopanda milima wakiwa wakavu magunia kwa magunia.

Maji hayo yana mwenyewe: mwera. Ni upepo wa kusi unaovuma hasa kati ya Mei na Agosti. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 580 na ni jembamba, kwa hiyo mwera hukimbia bila kizuizi ukisukumia mawimbi kaskazini. Upande wa Ludewa, Milima ya Livingstone imezama majini moja kwa moja. Mtumbwi ukikumbwa hapo, aghalabu hakuna hata kipande cha mchanga cha kuuvutia. Wanawake wa Kikisi, wafinyanzi mashuhuri, hata hivyo wamekuwa wakisafirisha vyungu kwa mitumbwi hadi soko la Matema.

Watu wa milimani nao walishuka. Makuhani wa Ukinga, ambako leo ni Makete, walikwenda bondeni kwa Wanyakyusa kutambika kwa Lwembe, shujaa wa simulizi aliyeaminiwa kushika mvua na rutuba. Kyala, shujaa mwingine wa simulizi hizo, alikuwa na mahali pake patakatifu karibu na ziwa. Leo Wanyakyusa humwita Mungu kwa jina hilo.

Wageni walijifunza kwa gharama. Mvumbuzi Livingstone alifika ziwani mwaka 1859. Aliporudi na mashua mwaka 1861 alichapwa na tufani hata akaona lingefaa kuitwa Ziwa la Dhoruba. Watalii siku hizi wanauziwa jina la "Ziwa la Nyota" tu. Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples wa Likoma alizama mashua yake ilipopinduka. Julai 1946, katikati ya msimu wa mwera, meli mpya ya MV Vipya ilipinduka upande wa Malawi, watu 145 wakafa.

Mara moja hatari ilitoka kwingine. Tarehe 13 Agosti 1914, Nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen aliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli. Nahodha mwenzake wa upande wa Kijerumani, Berndt, aliyezoea kunywa naye, hakujua kuwa vita vimeanza. Inasimuliwa kwamba alimjia kwa mashua ndogo, amefura kwa hasira, akimuuliza kama amelewa.

Mwaka 2017 mji wa milimani ulipata jina ziwani: MV Njombe, meli ya mizigo ya tani 1,000, pamoja na MV Ruvuma. MV Mbeya II, ya abiria 200, ilifuata mwaka 2021. Kabla yake, MV Songea na MV Iringa zilipofika vijiji visivyo na gati, abiria walishukia kwenye mitumbwi iliyokuja kuwapokea, watoto na magunia wakipokezanwa kwa mikono huku mwera ukiirusha mitumbwi hiyo ubavuni mwa meli.