Kabla ya Lancaster, Kaloleni

Baba Dogo hailali. Usiku kucha mashine za viwanda vya mtaa huu wa Nairobi zinanguruma, na ikigonga saa kumi na moja alfajiri vibarua wameshajipanga getini, kitambulisho mkononi, wakingoja msimamizi atoke achague wa leo. Katika ngurumo hiyo ndimo mpwa wangu Neema hufanyia kazi zake za shule, kwenye meza ya kulia chakula, chini ya taa moja. Juma lililopita alinisomea kutoka kwenye daftari lake kwamba misingi ya kujitawala nchini Kenya iliwekwa mwaka 1907, Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa, kama vile misingi ya Marekani ilivyowekwa Jamestown mwaka 1619. Akainua macho. "Mjomba, kwa hiyo masetla ndio waliotufundisha kujitawala?"

Nilishindwa kumjibu papo hapo. Nilikuwa nimekasirika, na mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa amenakili alichoandikiwa ubaoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kidogo kidogo, na makala haya ni sehemu ya jibu hilo.

Nianze kwa kukiri kwamba ulinganisho wenyewe si mbaya. Unafaa kuliko aliyeuandika alivyofikiri. Tarehe 30 Julai 1619 wajumbe 22 waliochaguliwa na walowezi wa Virginia walikutana kanisani Jamestown, pamoja na gavana na baraza lake, wakajitungia sheria. Hicho ndicho kikao Wamarekani wanachokihesabu kuwa mwanzo wa kujitawala kwao. Mwezi uliofuata, Agosti, meli iitwayo White Lion ilitia nanga pwani hiyo hiyo ikiwa na Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola, wakabadilishwa kwa vyakula. Baraza na utumwa viliingia Virginia ndani ya majuma machache, na hakuna aliyewauliza hao ishirini na kitu wanataka kutawaliwa vipi. Wenyeji wa nchi, Wapowhatan, nao hawakuwa na kiti.

Sasa njoo Nairobi. Kambi ya reli iliyofika kwenye maji baridi ya Wamaasai mwaka 1899 ilikuwa na umri wa miaka minane tu. Machi 1907 Ewart Grogan, kiongozi wa Chama cha Walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya jengo la mahakama, umati wa Wazungu ukitazama. Kisa ni kwamba eti waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Agosti mwaka huo huo, katika mji huo huo, Baraza la Kutunga Sheria likafanya kikao chake cha kwanza, Lord Delamere akiwa miongoni mwa wajumbe wa kuteuliwa. Mwaka 1920 masetla wakaanza kuwachagua wajumbe wao kwa kura. Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Hesabu mwenyewe: miaka 37.

Huko Amerika walowezi walipiga kelele kwamba hawatatozwa kodi na bunge wasilowakilishwa ndani yake. Wa kwetu walikuwa na viti vyao barazani, na bado walipotozwa kodi ya mapato mwaka 1921 waliipinga kwa nguvu hadi ikafutwa mwaka uliofuata. Mwafrika hakuwa na kiti hata kimoja. Kodi yake ya kichwa na ya nyumba ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, masetla wamekubaliana kumpunguzia mshahara kwa thuluthi, na kipande, kitambulisho chake cha kazi, kinaning'inia shingoni mwake ndani ya kikopo cha bati. Kama kuna mtu Nairobi aliyekuwa na haki ya kusema maneno ya wale walowezi wa Amerika, ni huyo.

Na aliyasema. Harry Thuku alikuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina, na chama alichokiongoza kuanzia 1921 kilikuja kujiita cha Afrika Mashariki, si cha Wakikuyu peke yao. Kilikusanya watu wa makabila na dini mbalimbali waliokutana katika vijiji vya mjini kama Pangani, kijiji cha Waswahili ambacho serikali ilikuja kukibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa watu wake kuhamia Pumwani na Shauri Moyo. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea, akasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ni watu 21 waliokufa, Nyanjiru akiwamo. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Desemba mwaka huo huo, hapa kwa majirani zetu wa Ruaraka, ndugu wawili wa ukoo wa Hurst na mwenzao walitoa bia yao ya kwanza, na hiyo ndiyo habari ya 1922 ambayo kila mtu wa mtaa huu anaijua.

Ninachotaka Neema akijue kwa undani ni kitu kingine: ukumbi mmoja, na siku moja ndani yake.

Kaloleni, au Ololo kama wanavyoiita waliozaliwa humo, ilijengwa miaka ya 1940. Tofauti na vyumba vya makapera vya mitaa iliyotangulia, hapa serikali ilikubali hatimaye kwamba mfanyakazi Mwafrika anaweza kuishi mjini na mke na watoto. Nyumba zina kuta za mawe na paa za vigae vyekundu, zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi. Wazee wa mtaa husema wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishiriki kuijenga. Katikati ukawekwa ukumbi wa jamii. Waliouweka walikusudia ngoma na masomo ya jioni. Wenyeji wakaugeuza bunge, na kwa jina hilo wakauita.

Marehemu baba aliishi Kaloleni akiwa kijana, kwa baba yake mdogo aliyekuwa karani. Alinipeleka ukumbini nikiwa na miaka kumi hivi. Nakumbuka ngazi fupi za jukwaa, mbao zilizokuwa zimelika katikati kwa kukanyagwa, na jinsi alivyovua kofia mlangoni kama mtu anayeingia msikitini au kanisani. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku niliyosoma kuhusu tarehe 23 Aprili 1950.

Siku hiyo chama cha Kenya African Union (KAU) na Kongresi ya Wahindi ya Afrika Mashariki waliitisha mkutano wa pamoja Kaloleni. Masetla walikuwa wametoa mpango wao, walioutangaza mwaka 1949, wa kuifanya Afrika Mashariki dola ya Kiingereza chini ya uongozi wa Wazungu. Majuma matatu tu kabla, tarehe 30 Machi, Nairobi ilikuwa imepewa hati ya kuwa jiji na Mwanamfalme wa Gloucester, na vyama vya wafanyakazi vikagomea sherehe hizo: jiji la nani, waliuliza, ikiwa wanaolijenga hawana haki ndani yake? Mkutano ulikuwa upitishe azimio la kuupinga mpango wa masetla. Lingekuwa azimio la adabu, kama mengine mengi yaliyotangulia.

Ndipo Makhan Singh akasimama na nyongeza. Alisema, kwa maana yake, kwamba dawa si mageuzi madogo madogo ya hapa na pale. Dawa ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na serikali zilizochaguliwa na wananchi zinazowajibika kwa wananchi hao peke yao. Fred Kubai akamuunga mkono. Ukumbi ukapitisha.

Nisimame hapo kidogo. Kumbukumbu nyingi za kitaifa huanza dai la uhuru kamili baadaye: katika mikutano mikubwa ya 1952, au kwa wajumbe wanane Waafrika waliochaguliwa Machi 1957, au katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, kana kwamba nchi iliwaza neno hilo ikiwa ndani ya ndege kuelekea London. Karibu miaka kumi kabla ya Lancaster, neno lilishasemwa hadharani katika ukumbi wa mtaa wa wafanyakazi, kando ya barabara iliyoitwa Doonholm kwa jina la shamba la setla, ambayo leo ni Jogoo Road.

Wapo wanaolipunguza kwa kusema kwamba lilikuwa wazo la mtu mmoja, tena Mkomunisti, tena Mhindi. Kwamba alikuwa Mkomunisti hakuficha. Kuhusu uhindi wake, naomba tuutazame. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Nairobi akiwa na miaka 13, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Mwaka 1935 aliongoza chama cha wafanyakazi kuacha kuwa cha Wahindi peke yao na kufungua milango kwa watu wa rangi zote, wakati serikali, benki, hospitali na hata vyoo vya mji vilikuwa vimegawanywa kwa rangi. Alipokwenda India, Waingereza walimtia kizuizini kwa miaka. Alirudi Kenya Agosti 1947, mwezi ule ule India ilipopata uhuru, na serikali ikajaribu mara moja kumfukuza. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais, yeye katibu mkuu. Mtu huyu alisema uhuru Kaloleni akijua anachokisema, kwa kuwa alikuwa ameuona ukipatikana kwingine na alikuwa amelipa sehemu ya bei.

Wala halikuwa wazo la mtu mmoja. Siku 22 baadaye, tarehe 15 Mei, Singh na Kubai walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Walidai viongozi wao waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ikaleta magari ya deraya, ndege zikaruka chini chini juu ya mitaa, na moshi wa kutoa machozi ukatanda Shauri Moyo na Pumwani. Mgomo ukasambaa hadi miji mingine, Mombasa ikiwamo, na uliendelea kwa zaidi ya juma. Watu hawafanyi hivyo kwa ajili ya azimio la mtu mmoja.

Baba hakuwahi kunisimulia habari za ndege. Alichokumbuka ni ukimya. Kila asubuhi Doonholm Road ilikuwa mto wa baiskeli na miguu kuelekea viwandani, alisema, na asubuhi ile aliisikia kengele ya baiskeli moja tu, ikipita taratibu, na watu wakitoka milangoni kumtazama ni nani.

Singh alishtakiwa kwa kuendesha chama kisichosajiliwa, kisha akawekwa kizuizini: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Alitoka Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja baadaye, muda mrefu kuliko wa Kenyatta mwenyewe. Bendera ilipopanda Desemba 1963 hakupewa cheo serikalini. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyotoka mwaka 1969, akitumia makaratasi aliyokuwa ameyatunza. Sehemu kubwa ya makaratasi hayo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki Mei 1973, akiwa na miaka 59. Mitaa jirani na Kaloleni imebeba majina ya Mbotela na Ofafa, viongozi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Sina ugomvi na majina hayo. Nina ugomvi na daftari lisilokuwa na jina la Singh wala la Kubai.

Yaliyofuata Neema anayajua: chama kimoja, Saba Saba pale Kamukunji mwaka 1990, katiba ya 2010, na wadi yetu ya Baba Dogo yenye mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Kila uchaguzi wagombea hufika hapa mtaani na magari yenye vipaza sauti na kusema wametuletea ugatuzi. Vibarua wa saa kumi na moja alfajiri huwasikiliza kisha hurudi getini, bado wakilipwa kwa siku, bado wakibishana na msimamizi juu ya kile kile kilichodaiwa Mei 1950, mshahara wa mtu kuishi.

Neema aliniuliza sasa aandike nini, maana mwalimu atasahihisha kwa kufuata kitabu. Nikamwambia aiache 1907 ilipo, kwa kuwa ni kweli baraza lilikaa, ila mbele yake aandike lilikuwa la nani. Chini yake aandike 1922, na chini zaidi tarehe kamili ya Kaloleni. Akaniomba nimtajie herufi za Makhan moja moja.

Jumamosi tutakwenda. Tutapanda matatu mpaka mjini, tuchukue ya Jogoo Road, tushuke karibu na City Stadium, tuingie Ololo kwa miguu. Nimechukua kofia ya baba kutoka sandukuni, nimeipiga brashi, nimeitundika msumarini kando ya mlango.